Mkeka Usiokaliwa: Tuwaponyeje Wacheza Kamari?

Zamani ukilitaja neno mkeka hapa pwani, kila mtu alijua unachokisema. Mkeka ni ukindu uliokaushwa, ukachanwa miyaa, ukasukwa ukili, na ukili ule ukashonwa na bibi mwenye subira. Hutandikwa barazani wakaukalia wazee, hutandikwa harusini na matangani, na mtoto mchanga hulazwa juu yake. Leo mwulize kijana wa Majengo, Kisauni au Likoni habari za mkeka, na huenda akakutolea simu mfukoni. Mkeka wake yeye ni orodha ya mechi za mpira alizozibashiria matokeo na kuzitilia fedha. Moja tu ikienda kombo, atakwambia mkeka umechanika. Na mkeka ukichanika, aghalabu kuna kitu kingine kilichochanika nyumbani: kodi ya nyumba, karo ya mtoto, au heshima baina ya mtu na mkewe.

Msomaji mpenzi, sikuishika kalamu leo ili nikwambie kwamba kamari ni haramu. Hilo walijua, na kama wewe ni mzazi umekwisha kulisema nyumbani kwako mara nyingi. Ninalotaka tulizungumze ni lile linalobaki baada ya kulisema hilo: mtu wetu akishanaswa, tumnasue vipi?

Kamari yenyewe si jambo jipya. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, nao kabla ya kuja Uislamu walikuwa na mchezo wao ukiitwa maysir. Ngamia alichinjwa akagawanywa mafungu, kisha mishale kumi ikatiwa katika mfuko na kutikiswa. Mishale saba ilikuwa na hisa, wa kwanza hisa moja, wa pili mbili, hata ukafika wa saba wenye hisa saba. Mitatu iliyobaki ilikuwa mitupu. Aliyetokewa na mshale mtupu alichangia bei ya ngamia na nyama asiionje. Na washindi wengi hawakuila nyama ile, bali waliwapa maskini wakajifakharisha kwa ukarimu wao. Ndiyo maana katika Surat al-Baqara, aya ya 219, hatukuambiwa kwamba kamari haina faida hata chembe. Tuliambiwa kuwa faida ipo, ila dhambi yake inaishinda. Kisha Surat al-Maida, aya za 90 na 91, ikaufunga mlango kabisa na kutaja sababu: kamari huzua uadui na chuki baina ya watu, na humsahaulisha mtu Mola wake na sala yake. Sisi tuliosoma vyuoni tulizihifadhi aya hizo tungali wadogo, bakora ya mwalimu ikitutazama.

Lakini zamani mwenye kutaka kucheza ilimbidi aende mahali. Wa karata walijificha uani kwa mtu, wa pata potea walikuwa sokoni na kwenye vituo vya mabasi, na wenye fedha waliingia kasino za hoteli za watalii. Kote huko kulikuwa na macho ya watu, na macho ya watu yalikuwa ukuta. Mtu aliogopa kuonwa na ami yake au na imamu wake. Mwaka 2007 ilikuja M-Pesa, na fedha zikaingia ndani ya simu. Katika miaka ya 2010 zikaja kampuni za kubashiri michezo, nazo zikazifuata fedha huko huko zilikohamia. Katika uchunguzi wa kampuni ya GeoPoll wa mwaka 2017, vijana 76 katika kila mia walioulizwa hapa Kenya walisema wamewahi kucheza kamari, na wengi wao walichezea simu. Ukuta ule umeanguka. Mtu yu kitandani, mkewe yu ubavuni pake, na kasino imo mkononi mwake. Yu msikitini baina ya magharibi na isha, na kasino imo katika mfuko wa kanzu.

Kijana mmoja, dereva wa tuktuk ambaye babake na mimi tulikua mtaa mmoja, alinifuata baada ya sala ya laasiri akaniomba tuketi kando. Alikuwa amezitia kamarini fedha za siku tatu za mwenye tuktuk. Nilipotaka kufungua kinywa alinitangulia.

"Ami," alisema, "wallahi najua ni haramu. Kila Ijumaa naambiwa ni haramu. Nambie la kufanya."

Huyo si mtu asiyeijua hukumu. Anaijua, na hawezi kujizuia. Nikalichukua swali lake nikalipeleka kwa daktari mmoja wa maradhi ya akili, na kwa shekhe mmoja ambaye elimu yake naiamini, na ninayoyaeleza hapa chini ni mchanganyiko wa waliyoniambia na niliyoyasoma.

Tuanze na hesabu, kwa sababu kamari hujivika nguo ya hesabu. Chukua sarafu ya shilingi uirushe juu. Kichwa au ngao, kila upande una nusu yake. Mchezo wa haki ungekupa shilingi 200 kwa kila 100 uliyoweka ukishinda. Mwenye biashara hakupi 200, hukupa kama 190. Zile kumi zinazopungua ndizo anazojengea ofisi na kulipia matangazo. Ukicheza mara nyingi, kwa wastani kila mia yako hurudi 95. Sasa kijana hatosheki na mechi moja, hufunga mechi kumi katika mkeka mmoja ili donge liwe nono. Kila mechi ina makato yake, na makato huzidishana. Mia ile, kwa hesabu, imekwisha kuwa kama sitini kabla ya filimbi ya kwanza kupulizwa. Na hata kama ni mjuzi wa mpira, na kila mechi ana nafasi 70 katika mia za kupatia, nafasi ya kuzipatia zote kumi ni kama tatu tu katika mia. Ama ile jakpoti ya mechi 17, kila mechi ikiwa na njia tatu za kumalizika, njia zote kwa jumla ni 129,140,163. Wakenya wote, pamoja na vitoto vilivyozaliwa jana, hawafiki nusu ya idadi hiyo.

Mcheza kamari husema, "Nimeliwa mara nane mfululizo, sasa ni zamu yangu." Kosa hili ni la zamani. Usiku wa tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, kijipira cha gurudumu kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kuimiminia fedha rangi nyekundu, kila mmoja akisema zamu yake imefika, na wengi walitoka mifuko mitupu. Gurudumu halina kumbukumbu, halijui limefanya nini dakika iliyopita. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na fedha iliyoliwa ni maji yaliyomwagika. Mwenye kuifukuza humwaga na yaliyobaki mtungini.

Lakini hesabu peke yake haimtoi mtu. Nimewaona walimu wa hesabu wakicheza. Daktari alinieleza kwamba maradhi haya hukaa pale pale panapokaa ulevi. Mwili hausisimkwi na ushindi tu, husisimkwa na kule kungoja usilolijua. Tuzo inayokuja leo, isije kesho, ije tena keshokutwa bila taratibu, humfunga kiumbe kuliko ile inayokuja kila siku kwa saa yake. Na kukosa kwa tundu la sindano, mechi tisa zimepatia na moja imeharibu katika dakika ya 90, hakumkatishi tamaa, bali humtia hamu mpya kana kwamba alishinda nusu.

Madaktari wa Marekani waliyaingiza haya katika kitabu chao cha maradhi ya akili mwaka 1980, na mwaka 2013 wakayahamishia katika fungu moja na uraibu wa ulevi na dawa za kulevya. Shirika la Afya Ulimwenguni nalo linayo katika orodha yake ya maradhi. Dalili ambazo madaktari huzitafuta ni tisa. Mtu huwaza kamari kutwa kucha. Huhitaji kuweka fedha nyingi zaidi ili asisimke kama mwanzo. Amejaribu kuacha mara kadhaa akashindwa. Akipunguza huwa na harara na kukosa utulivu. Hucheza akiwa na dhiki ya moyo. Akiliwa hurudi kesho kuzifukuza. Hudanganya watu wake. Ameiponza kazi yake, masomo au ndoa. Na hutegemea wengine wamwokoe na madeni. Akionekana na nne katika mwaka mmoja, huyo ni mgonjwa, na mgonjwa hutibiwa.

Hapa ndipo penye lile onyo dogo linalowekwa chini ya matangazo ya kamari, kwamba mtu acheze kwa kiasi na kwa kujitunza. Kwetu sisi Waislamu jambo hilo halina kiasi, kama vile pombe isivyo na kiasi. Lakini nchi hii si yetu peke yetu, na wapo hata miongoni mwetu ambao leo hawako tayari kuacha. Kwa mtu wa namna hiyo daktari husema: panga kabla hujaanza ni shilingi ngapi uko tayari kuzipoteza na usizidishe, usicheze kwa fedha za mkopo, usifukuze zilizokwenda, usicheze ukiwa na hasira, majonzi au ulevi, na ziwepo siku ambazo simu hiyo huigusi. Ni heri nusu shari kuliko shari kamili, na aliyeteremka kutoka kila siku hadi mara moja kwa wiki amekwisha kuanza safari. Ila tusidanganyane. Aliyekwisha kuugua hana uwezo wa kujipimia, kwa sababu kipimo ndicho alichonyang'anywa na maradhi. Kwake yeye chovya chovya ndiyo iliyomaliza buyu la asali.

Serikali nayo haikukaa kimya. Kamari ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1966, ilipokuwa karata na farasi. Mwaka 2025, kuanzia tarehe 29 Aprili, matangazo yote ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Rais akaitia saini sheria mpya ya kuchukua nafasi ya ile kongwe. Ni jambo la heri. Lakini sheria hukaa Nairobi, na mgonjwa amekaa chumbani kwetu.

Basi tufanyeje? Nyumba zetu zina njia mbili walizozizoea. Ya kwanza ni kumfokea. Ya pili ni kumlipia kwa siri. Namjua mama mmoja aliyeuza mkufu, kisha bangili, kisha pete zake za harusi, mara tatu akimlipia mwanawe madeni, na kila mara alimpa mwanawe fedha mkononi akazilipe mwenyewe. Kila mara zilikwenda njia ile ile. Mama yule alifanya kwa huruma, na hapana wa kumlaumu. Lakini daktari alinambia wazi: fedha apewayo mcheza kamari ili alipe deni, kwake yeye ni mtaji.

Shekhe alinirejesha katika Surat an-Nisaa, aya ya tano. Pale tumekatazwa kumkabidhi mali mtu asiyeweza kuitunza, na papo hapo tumeamrishwa mambo matatu juu yake: alishwe katika mali hiyo, avishwe, na asemezwe kwa wema. Wanavyuoni wakajenga juu ya aya hii mlango mzima wa fikihi uitwao hajri, yaani kumzuilia mtu mkono wake usifike kwenye mali yake, kwa maslahi yake mwenyewe. Sisemi tukimbilie kwa kadhi kumfungia kila kijana. Nasema aya ile imeufupisha utaratibu ambao madaktari wameufikia kwa njia yao: uondoe mkono kwenye fedha, lakini usiuondoe moyo wako kwake.

Mkono huondolewa vipi? Kwa ridhaa yake, siku anapotubia na kulia. Siku hiyo isipite bure. Mshahara wake uende kwa mkewe, mamake au ndugu anayemwamini, naye apewe posho ya nauli na chakula kwa siku. Akaunti zake za kamari zifungwe, na aiandikie kila kampuni kwamba hataki kurudishwa. Jumbe za matangazo zizuiwe, na programu za kuzuia kamari ziwekwe katika simu. Ikiwezekana, kwa miezi ya mwanzo atumie simu ndogo isiyo na intaneti. Madeni yaandikwe yote katika karatasi moja, kwa sababu deni linalofichwa ndilo linalomrudisha kuchezea. Mwenye kumsaidia kulipa ampelekee mdai mwenyewe fedha, kidogo kidogo. Na tusisahau kwamba Surat at-Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni katika mafungu manane ya wanaostahiki zaka. Shekhe alinambia kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi hata aliyedaiwa kwa sababu ya maasi anaweza kupewa akishatubu toba ya kweli. Kamati za zaka za misikiti yetu zingeweza kulizingatia hilo.

Kisha kuna kumsemeza kwa wema, na hapa nitaiomba radhi kalamu ya gazeti niazime ya shairi:

Alozama kisimani, hatolewi kwa mafumbo,
Wala ghadhabu moyoni, wala kupigwa kwa fimbo,
Mteremshie ndani, kamba isiyo na kombo,
Na umwite kwa hisani, atoke aseme jambo.

Kusema jambo ndiyo tiba yenyewe. Mpaka leo matibabu yanayoaminiwa zaidi ni ya mazungumzo, ambapo mgonjwa hukaa na mtaalamu juma baada ya juma, wakachambua ni saa gani hamu humjia, humjia akiwa na nani, na afanye nini dakika zile mpaka hamu ipite, kwani hamu ni kama wimbi, hupanda kisha hushuka. Mwaka 1957, mjini Los Angeles, wacheza kamari wachache walianza kukutana na kusimuliana yao bila ya kutajana majina ya ukoo, na jumuiya yao imeenea nchi nyingi. Sisi tuna baraza, tuna darasa baada ya isha. Hakuna kinachotuzuia kuwa na usiku mmoja wa juma ambapo walionaswa huketi pamoja na mtu mwenye hekima, bila ya kuhukumiwa na bila ya habari zao kutoka nje.

Na hospitali zipo. Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, ina wodi ya maradhi ya akili, na Hospitali Kuu ya Pwani ni mlango mwingine wa kubisha. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya kina simu ya ushauri isiyolipiwa, nambari 1199. Kwenda kwa daktari wa akili si wazimu, na wala hakupunguzi imani ya mtu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituhimiza tujitibu.

Jambo moja halingoji. Mcheza kamari aliyezongwa na madeni akianza kusema kwamba nyumba ingepumua lau asingekuwepo, maneno hayo yasichukuliwe mzaha. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku ile ile. Familia nyingi zilikuwa zikificha kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kile ni kinyume cha katiba. Basi sababu ile ya kuficha imepungua nguvu, na ya kwenda hospitali imezidi.

Nawaomba maimamu wetu: mnapoisoma aya ya kamari juu ya mimbari, malizieni kwa kuwaambia watu waende wapi na waonane na nani. Aliyeketi safu ya nyuma akiwa na simu mfukoni ameisikia hukumu mara elfu, na anangoja neno la pili. Hata katika hadithi sahihi, aliyemwita mwenzake wacheze kamari hakuachwa na lawama tu. Alielekezwa kitendo, atoe sadaka, ili mkono uliotaka kukamata ufunzwe kutoa.

Nanyi wazazi na wake, wataalamu walitunga mwaka 1997 maswali mawili mafupi ambayo yeyote aweza kuyauliza. Je, umepata kujiona unahitaji kuweka fedha nyingi zaidi na zaidi? Je, imepata kukulazimu kuwadanganya watu wako juu ya kiasi unachokichezea? Myaulize usiku, mkiwa wawili, kwa sauti ya chini. Akijibu ndiyo kwa moja tu kati ya hayo, ni wakati wa kumpeleka kwa mtaalamu. Msimfokee, na msikimbilie sonara na bangili. Kaeni naye mwandike madeni, mpokee ule mshahara, na asubuhi mumsindikize hospitali. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na haya ni maradhi ambayo tumeyaficha majumbani mwetu vya kutosha.